Konzi ya Saba

Udongo ulikataa kukauka.

Fundi Faraji aliuanika asubuhi nyuma ya nyumba yake pale Rahaleo, na adhuhuri aliporudi kutoka msikitini akaugusa kwa kidole. Bado tope. Siku ya nne hiyo, na jua la Mtwara linalopasua mbao lilikuwa halijaukausha hata ukingoni.

Juu ya udongo huo kilikaa kifaru cha vita cha plastiki, urefu wake shubiri moja. Alikiunga mwanawe wa pekee, Mohamedi, kipande kwa kipande, kwa wembe na subira. Homa ikamchukua akiwa na miaka kumi na sita, kabla hajakiweka kwenye ubao. Katika daftari lake aliacha maneno ambayo baba yake aliyasoma kila baada ya swala: "Minyororo izame. Kifaru ni kizito, hakikai juu ya udongo kama kikombe mezani. Na udongo uwe wa Ruvuma."

Basi arobaini ilipopita, Faraji akaenda kwenye mashamba ya chumvi, mlangoni mwa Mto Ruvuma. Lukasi, mvuna chumvi wa pale, alimtazama akichota.

"Hesabu kwa sauti, fundi," alisema. "Wenyewe wasikie unaondoka na konzi ngapi. Kisha waachie unga kidogo."

"Wenyewe ni nani?"

"Kama huwajui, ndiyo uhesabu vizuri."

Faraji akatabasamu. "Mimi namwomba Mungu peke yake, bwana." Akachota konzi saba za mkono, akizihesabu kimoyomoyo. Unga hakuweka.

Nyumbani alikata ubao wa mninga, akautoboa kwa keekee, akapitisha bolti mbili kutoka chini mpaka tumboni mwa kifaru, akazikaza kwa nati na kuzimwagia gundi zisilegee milele. Konzi sita akazitandaza ubaoni, akakandamiza minyororo izame, akachora nyuma yake njia kilikopita. Ya saba akaishindilia ndani ya tumbo la kifaru, kiwe na uzito.

Siku ya tano akauingiza ubao ndani, na harufu ya mikoko ikajaa sebuleni. Siku ya sita, ile njia ya minyororo ilikuwa imerefuka. Kifaru kilikuwa kimesogea mbele upana wa kidole. Faraji akageuza ubao: bolti zilikuwa zimekazika, na matundu hayakupanuka.

"Umekigusa, Mama Mohamedi?"

Latifa, mkewe, alikuwa akichambua mchele. "Kinakwenda chumbani kwake," alisema kwa sauti ya chini. "Jana pia kilisogea. Muache."

"Nimuache nani?"

Latifa akarudi kwenye mchele wake.

Ijumaa, jua la utosi, Faraji alikuwa akitawadha uani aliposikia mlio mdogo wa kitu kinachosaga mchanga, ukianzia sebuleni na kupita ukumbini polepole, kama mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala, na alipochungulia aliona ubao uko palepale mezani, kifaru juu yake, lakini sakafuni pamechorwa mistari miwili ya tope bichi iliyonyooka mpaka mlango wa chumba cha marehemu, na ndani ya chumba kile kitupu, alichokifunga mwenyewe kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwake, kitanda kikalia kama kinavyolia mtu anapogeuka, na sauti ikasema, "Baba."

Maji yakamchuruzika mikononi. Hakuitika.

Mwalimu Ramadhani wa madrasa aliitwa siku hiyohiyo. Alisoma, kisha akanyunyiza maji aliyoyasomea.

"Faraji, huyo si mwanao. Mwanao yuko kwa Mola wake. Huyo amefuata udongo wake, akakuta nyumba ina kilio, akajua atumie sauti gani. Ulichukua cha watu bila kuomba. Rudisha wote. Na akiita, asiitike mtu humu. Ukimwitikia, umemkaribisha."

"Na kifaru, Mwalimu?"

"Kifaru ni cha mwanao. Udongo ndio si wako."

Faraji akazikata bolti kwa msumeno wa chuma. Kifaru kikamwangukia mkononi, na Latifa akakipokea.

"Nipe nikioshe," alisema.

Kule mtoni, Faraji alihesabu kwa sauti mbele ya Lukasi, konzi baada ya konzi. Ya sita ilipoanguka, ubao ukawa mtupu. Akaweka na unga.

"Zilikuwa ngapi?" Lukasi aliuliza.

Faraji akafungua kinywa, na papo hapo akaukumbuka uzito wa kile kifaru mkononi.

Alifika nyumbani kabla ya magharibi. Nyumba ilinukia udi, na chini ya udi, mikoko. Chumba cha Mohamedi kilikuwa wazi, na ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwa Faraji. Latifa alikaa sakafuni, kifaru mapajani, hakijaoshwa.

"Imebaki konzi moja humo ndani," Faraji alisema. "Nipe, Mama Mohamedi."

"Najua imo. Ningekwambia, ungempeleka mtoni." Alikifuta kifaru vumbi kwa ncha ya kanga. "Tangu tumzike sijaitwa mama na mtoto. Leo nimeitwa."

"Umeitika?"

Latifa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amekula.

"Mara tatu."

Kifuniko kidogo cha juu ya kifaru, ambacho Mohamedi alikigandisha kwa gundi kwa mkono wake, kikainuka taratibu. Tope likafurika ukingoni.

"Baba." Sauti ilikuwa na mkwaruzo wa asubuhi, uleule wa Mohamedi akiulizia chai.

Faraji akashika mwimo wa mlango. Akaanza Ayatul Kursiyyu, aya aliyoijua tangu utotoni, akafika katikati, akaitafuta iliyobaki asiione.

"Baba."

"Naam," akasema. "Naam, mwanangu."