Kikombe cha Maziwa Mabichi

Kila asubuhi fundi cherehani alikamua ng'ombe wake, akajaza kikombe, akampelekea mkewe kitandani. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minne. Maziwa hayakuchemshwa. Fundi aliamini kwamba moto huyaondolea nguvu. Hakuna aliyewahi kumuuliza nguvu gani.

"Kunywa, mama kijacho. Bado ya moto kutoka kwa ng'ombe."

"Na wewe?"

"Yangu nimemalizia zizini."

Kisha ng'ombe alitupa mimba. Kondo la nyuma likakwama. Fundi akalivuta kwa mikono mitupu, akalitupa kando ya zizi.

Wiki tatu baadaye fundi aliugua. Homa ilipanda jioni na kushuka asubuhi. Jasho lilimlowesha. Viungo vilimuuma hata akashindwa kukanyaga cherehani. Alimeza dawa za malaria mara mbili bila kupimwa. Homa haikushughulika nazo.

Jirani yao, daktari wa mifugo, alikuja kufuata gauni lake. Alimkuta fundi ndani ya blanketi.

"Shemeji, gauni langu ni la mwaka gani?"

"Nisamehe, shemeji. Mwili umenigomea."

"Ng'ombe hajambo?"

"Mgonjwa ni mimi, unamuuliza ng'ombe!"

"Nimeanza na yule asiyenidanganya."

Alipoelezwa habari za ng'ombe, jirani aliacha utani.

"Huenda ni brusela. Ni ugonjwa wa bakteria. Mtu huupata kwa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo na majimaji ya uzazi bila glovu. Nendeni mkapimwe damu, wote wawili, leo. Ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba."

Fundi alimtazama mkewe. "Kumbe nakuletea ugonjwa kwa kikombe!"

"Ulikuwa unanipenda," mkewe alijibu. "Sasa nipende kwa kuchemsha. Inuka, twende."

Fundi alikutwa na brusela. Mkewe hakuwa nayo, ila aliambiwa arudi kupimwa tena. Fundi alimeza dawa za aina mbili kwa wiki sita, bila kuacha alipopata nafuu. Ng'ombe alipimwa, akakutwa nayo, akaondolewa. Ng'ombe aliyenunuliwa baada yake alipimwa kabla ya kuingia zizini. Siku hizi fundi huchemsha maziwa hadi yatokote, huvaa glovu ng'ombe anapozaa, na kondo hulizika kwenye shimo refu.

Vipimo vya mkewe viliendelea kuwa safi. Mtoto alizaliwa mimba ilipotimiza miezi tisa, akiwa na sauti kubwa.

Fundi alimpima kwa futi ya kushonea, kisha akampima tena.

"Mwache alale, baba. Unapima nini?"

"Ameongezeka tangu asubuhi."