Akiba ya Mwinyi Dadi

Zama za bunduki za gobori na nguo za merikani, kabla reli haijawazwa na mtu, safari ya bara ilikula miaka, na aliyerudi pwani ya Mrima na miguu yake miwili alimshukuru Mungu kwa yote miwili. Mwinyi Dadi, mkuu wa misafara, alirudi na mmoja na nusu. Mkuki ulimpata pajani kwenye kivuko cha mto Mkese, nchi ya Usangira, alipopigana na Wasangira kutwa nzima kwa sababu ambayo baadaye hakuna aliyeikumbuka vizuri. Naye siku hiyo, kwa upanga wake, alimkata sikio shujaa wao Lugusha. Jua lilipoinama pande zote mbili zilikuwa zimechoka kufa, wakapatana.

Katika mapatano hayo Mwinyi Dadi alifanya jambo lililowaacha watu wake vinywa wazi. Alimshika mkono Sadala, mwana wa dada yake, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitano, akamkabidhi kwa mama mmoja wa Kisangira aitwaye Nyamizi.

"Kaa hapa," alimwambia. "Jifunze wanavyosema, wanavyokula, wanavyooa na wanavyozika."

"Mjomba, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nakuweka akiba. Akiba haiozi."

Akaenda zake akichechemea, wala hakugeuka. Sadala alikaa Usangira miaka minne. Kisangira kilimkaa ulimini hata akaota kwa lugha hiyo, lakini kinyongo nacho kilimkaa moyoni. Watu huweka akiba ya pembe na shanga. Mpwa huwekwa rehani. Hivyo ndivyo alivyoelewa, na hata mjomba alipokuja kumchukua na kumfanya mkalimani wake, hakumsamehe.

Ukapita mwaka wa nane tangu vita ile. Mwinyi Dadi alikuwa akirejea kutoka maziwani na watu mia mbili, wapagazi na wake zao, na bunduki arobaini chini ya jemadari Tuwakali, mtu mwaminifu, jasiri, na mwepesi wa hasira. Walipopiga kambi karibu na mto Mkese homa ikamshika mzee, na siku ya tatu ikamchukua. Wasangira ndio waliomiliki kivuko. Njia nyingine ya kwenda Mrima haikuwapo.

Asubuhi maiti ilikoshwa, ikavikwa sanda na kusaliwa. Kilemba chake cha hariri kiliwekwa juu ya jeneza. Walikuwa wameanza kulibeba kuelekea kaburini waliposikia nyimbo, na wapiganaji mia tatu wa Kisangira wakatokea na ngao na mikuki. Mbele yao alikuwa Lugusha. Kovu la sikio lilionekana kwa mbali.

Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, akakitwaa kilemba, akajivika. Kisha akaanza kutembea mbele ya waombolezaji akichechemea, mguu ule ule, kiuno kile kile, mpaka Wasangira wakaangua kicheko. Alipokwisha kuchechemea aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akafumba macho.

Bunduki arobaini zikainuliwa.

"Anasema nini mbwa huyu?" Tuwakali alinguruma, kwa maana Lugusha alikuwa akipaza sauti kutoka shimoni.

Sadala alifasiri. "Anasema mjomba alichukua sikio lake. Amekuja kulidai. Anasema hatoki humo, mzee akatafute pengine pa kulala."

"Basi amejichagulia. Tutamfukia humo humo!"

"Ngoja, jemadari."

"Ningoje nini? Umesikia mwenyewe!"

Kweli alisikia. Kila neno alilijua, na maana yake yote kwa pamoja hakuijua. Alikumbuka msiba wa mume wa Mama Nyamizi. Watu wa ng'ambo ya mto walikuja wakamtukana marehemu, wakavaa mavazi yake ya ngozi na kuiga kikohozi chake. Sadala aliwarukia na fimbo, Mama Nyamizi akamshika kiunoni. "Waache, mwanangu," alisema huku akicheka na kulia. "Hao tulipigana nao zama za mababu. Sasa ndio wanaotusaidia kulia."

Lakini wale walikuwa Wasangira kwa Wasangira. Watu wa Mrima je, wamehesabiwa? Nani alipata kumwambia? Na kama si hivyo, basi mjomba wake anavunjiwa heshima mbele ya macho yake, naye mkalimani amesimama anatafuta visingizio. Alitaka kucheka, alitaka kuua. Hakujua ni moyo upi kati ya hiyo miwili uliokuwa wake.

"Jemadari," alisema, "alipozikwa Mwalimu Kibwana kwetu, nani aliyelala kaburini akadai kuku?"

"Mimi. Nilikuwa mtani wake! Lakini hawa si watani, tulipigana nao!"

"Na hao watani wako, mababu zenu hawakupigana?"

Mkono wa Tuwakali haukutoka kwenye bunduki. "Una hakika?"

"Sina."

"Sasa?"

"Nitamtukana. Akicheka, ni mtani. Asipocheka, utaniona nikianguka, na hapo fanya upendavyo."

Sadala alivua jambia, akalikabidhi kwa jemadari, akaenda mpaka ukingoni mwa kaburi. Alimtazama Lugusha aliyelala na kilemba cha mjomba, mkuki wake ameulaza kifuani. Kisha akasema kwa Kisangira, kwa sauti ya kusikika na wote:

"Toka humo, nusu kichwa! Kaburi hili limechimbwa kwa kipimo cha mwanamume, wewe litakupwaya. Na lile sikio mjomba alilitupa, maana hata fisi walilikataa!"

Hakuna Msangira aliyecheka. Lugusha alifumbua macho. Akainuka polepole, akapanda juu ya udongo na mkuki mkononi, akasimama mbele ya Sadala uso kwa uso. Nyuma, vidole arobaini vilikuwa kwenye bunduki.

"Sitoki bure," alisema Lugusha. "Nataka kuku."

"Umekwisha toka, mjinga wewe."

Hapo Lugusha alicheka mpaka akashika mbavu, na mia tatu wakacheka naye. Kisha uso wake ukakunjamana, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Miaka minne tulikulisha," alisema. "Watu waliniuliza, huyu wa kazi gani? Kiwete wenu aliniambia siku ile ya kupatana: mmoja wetu akifa, lazima upande wa pili awepo wa kututukana vizuri. Nami nilidhani kakuchukua, basi, akiba imepotea."

Alivua kilemba, akakiweka mikononi mwa Sadala. Mzee aliposhushwa kaburini, Lugusha alishika jembe akafukia kwa mikono yake, na Tuwakali, ambaye hakuelewa neno hata moja, aliweka bunduki chini akaenda kumtafutia kuku. Mchana ule Wasangira waliwavusha watu mia mbili mtoni, mizigo yao juu ya vichwa.

Sadala alilia njia nzima. Hakujua analia msiba au anajililia yeye, aliyemchukia miaka yote hiyo mtu aliyemthamini kuliko pembe.

Masimulizi ya Mrima yamehifadhi habari za sikio na za kuku. Machache yanakumbuka kwamba Sadala, alipokuwa naye mkuu wa misafara, alimpeleka bintiye Mwanahawa kwa Mama Nyamizi, aliyekuwa sasa ajuza. Alikuwa ameapa kutofanya kosa la mjomba. Alimketisha mtoto, akamweleza yote tangu mwanzo: vita, sikio, kilemba, kaburi. Alieleza mpaka koo likakauka.

Mwanahawa alimtazama kwa mashaka. "Kwa hiyo, baba, watu hawa watanipenda au hawatanipenda?"

"Utajua," alisema Sadala, "siku watakapokutukana."