Mashine Iliyosoma Inchi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, binti wa fundi vibao alifagia karakana ya mama yake. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye meza ndefu, dirisha la wavu na harufu ya gundi isiyoisha. Alianzia kwenye kona ya mbao, akasukuma maranda kuelekea mlangoni, kisha akayazoa kwa kipande cha bati. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na pale mtaani watu walimwita Mtaalamu. Simu ya jirani ikigoma, Mtaalamu aitwe. Redio ikikoroma, Mtaalamu aitwe. Jina hilo lilimvimbisha kichwa, naye hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alisema, "Hili silijui."

Jumamosi ile alifagia ovyo. Ufagio ulipita mara tatu mahali pamoja. Macho yake yalikuwa kwenye mashine mpya iliyokuwa mezani.

Mashine hiyo ya kuchonga haikuzidi dawati la mwanafunzi mmoja. Ilikuwa na reli za chuma, mota tatu, na kichwa kilichobeba kijisu chembamba chenye ncha kali. Kompyuta huiambia pa kwenda, nayo huchonga herufi kwenye ubao. Mama aliinunua kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi baada ya miaka kumi na mitano ya kushika patasi. Mjomba, mdogo wake mama, fundi umeme mwembamba aliyebandikwa jina la Bisibisi, ndiye aliyeunganisha nyaya zote. Kilichobaki kilikuwa programu. Kitabu cha mashine kilitaja programu za Windows tu, na kompyuta ya mama ilikuwa Mac ya zamani aliyopewa na mteja, isiyokubali programu za Windows.

"Itafutie programu inayokubali kwenye Mac," mama alikuwa amemwambia siku ya Jumatano. "Mimi mambo haya ni mgeni kabisa. Ila soma vizuri, mwanangu. Hii si simu. Hii ina kisu."

Mtaalamu alitafuta. Alikuta majina chungu nzima na maelezo marefu yaliyojaa maneno asiyoyaelewa. Akaona haya kumwambia mama. Mwishowe aliangukia nakala ya programu moja ya Windows, ambayo mtu asiyejulikana alikuwa ameichezea ili ifanye kazi kwenye Mac. Alipoifungua, kompyuta ilimwonya kwamba haimtambui aliyetengeneza programu ile. Akabofya "Endelea". Programu ikamuuliza maswali sita kuhusu mashine. Akabofya "Sawa" mara sita bila kusoma hata moja.

"Umesoma kila kitu?" mama alimuuliza.

"Nimesoma, mama. Inakubali vizuri kabisa."

Uongo ule ulikuwa na siku tatu sasa.

Mama aliingia akifuta mikono kwenye aproni. "Haya, leo tunaanza na kazi ya zahanati. Kibao cha kwanza, 'Chumba cha Sindano'. Wenye woga watakimbilia mlangoni!" Akacheka peke yake. Mtaalamu aliinama kuzoa maranda yaliyobaki.

Mama aliubana ubao kwa vibano, akavaa miwani ya kinga, akamwambia binti yake asimame mlangoni. Kisha akabonyeza kitufe cha kuanza.

Kichwa cha mashine kilitakiwa kupanda kidogo tu, lakini kilipanda, kikaendelea kupanda, mpaka kikagonga chuma cha juu na kuanza kukwaruza. Mota zilipiga kelele. Halafu kikashuka. Kijisu, ambacho kilitakiwa kukwangua ubao tu, kilizama ndani yake chote, huku kikizunguka. Moshi ukatoka. Ubao ukang'oka kwenye vibano. Mama alirusha mkono kwenye kitufe chekundu cha kuzima mashine, na papo hapo ukasikika mlio mkali, kama kikombe kinachopasuka.

Mashine ikazimika.

Kijisu kilikuwa kimekatika. Mama alivua miwani polepole na kuitazama. Kioo cha upande wa kulia kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini, mahali palepale lilipokuwa jicho lake.

"Mama!"

"Sijaumia. Simama hapohapo ulipo." Sauti yake ilitetemeka. Mtaalamu hakuwahi kuisikia sauti ya mama ikitetemeka, na jambo hilo lilimtisha kuliko mashine.

Mama aliketi juu ya ndoo ya rangi mpaka pumzi ikamrudia. Ndipo hasira ikaja. "Huyu Bisibisi! Nimemwambia mara ngapi asiunganishe nyaya huku anapiga soga?" Akachukua simu, akamwita mjomba aje saa nane bila kukosa, kisha akaenda kunawa uso.

Mtaalamu alibaki na kompyuta. Alifungua ukurasa wa yale maswali sita na, kwa mara ya kwanza, akausoma neno kwa neno. Swali la tatu lilihusu kipimo. Jibu lililowekwa lilikuwa inchi.

Mama alichora kibao kwa milimita. Alitaka herufi za kina cha milimita mbili, na mashine ikaambiwa inchi mbili, yaani zaidi ya mara ishirini na tano. Nyaya za mjomba hazikuwa na kosa lolote.

Alibadilisha inchi kuwa milimita, akafunga ukurasa. Basi, alijiambia. Mjomba atakuja, mashine itakwenda, watasema ni waya uliolegea, na hakuna atakayejua.

Wakati wa chakula aligeuzageuza tonge sahanini. "Kula," mama alisema. "Au mashine imekutia homa?" Aliinamisha kichwa. Kila alipofumba macho aliuona ule ufa.

Saa nane kamili mjomba aliingia na mkoba wake wa vifaa. "Dada, waya zile nilizipima mara mbili mbili," alisema. "Lakini mashine haina mdomo na mimi ninao, basi lawama acha nibebe mimi."

"Hili si la mzaha. Nusura nipofuke."

Mjomba aliitazama miwani, uso ukambadilika. Akafunga ubao mwingine, akaweka kijisu kipya, akachomoa waya wa kukizungusha. "Kisu hakitazunguka," alieleza. "Nitaweka kiganja hapa juu ya ubao, nisikie ni mota ipi inayoruka. Wewe anzisha kazi ileile ya asubuhi, tuone inarudia nini."

Mama alifungua faili la asubuhi. Mtaalamu alichungulia juu ya bega lake. Chini ya jina la faili bado paliandikwa inchi. Alikuwa amebadilisha kipimo cha kazi zitakazokuja. Kazi ya asubuhi ilikwisha kuandikwa, na ilibaki vilevile. Kichwa kingeshuka kwa nguvu zote za mota, na chini ya ncha ile kulikuwa na kiganja cha mjomba.

"Tayari?" mama aliuliza.

"Tayari."

Mtaalamu alikikodolea macho kiganja kile. Akisema, kila kitu kitajulikana. Asiposema... Kidole cha mama kilikuwa kinashuka.

"Mama, usibonyeze! Mjomba, toa mkono! Toa mkono!"

Mjomba aliruka nyuma, akaangusha mkoba. Kidole cha mama kilibaki hewani.

Mtaalamu alianza kulia, na katika kilio kile alisema yote: nakala ya mtu asiyejulikana, onyo la kompyuta, "Sawa" mara sita, inchi, na jinsi alivyobadilisha kwa siri.

Mjomba alikitazama kiganja chake, akakitia mfukoni. "Mkono huu unalisha watu watano," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulipoona kosa asubuhi, ulimwambia nani?" mama aliuliza.

"Sikumwambia mtu."

"Ukaniacha nimtukane mdogo wangu bure."

"Niliogopa, mama. Nisamehe. Mjomba, nisamehe."

Mama alifuta programu ile kwenye kompyuta, kisha akamgeukia mjomba. "Nawe nisamehe, ndugu yangu. Tukae sasa tuanze upya, wote watatu."

Mjomba alimulika tochi kwenye bodi ndogo ya umeme inayoongoza mota, akasoma aina yake, Mtaalamu akaiandika kwenye daftari. Kisha wakasoma kwa sauti, programu moja baada ya nyingine. Je, watengenezaji wenyewe wametoa toleo la Mac? Je, Mac ya zamani kama yao itaiweza? Je, inaandika kazi kwa lugha ambayo bodi hiyo inaielewa? Je, mtu anayeanza kujifunza anaweza kuijaribu kabla ya kuamua? Nyingi zilianguka kwenye swali la kwanza. Walipokwama, mama aliwaandikia waliouza mashine, nao wakajibu baada ya saa moja. Mwishowe wakachagua mbili, moja ya kuchora na kupanga njia ya kisu, nyingine ya kuituma kazi kwenye mashine. Safari hii Mtaalamu alisoma kila swali, akaonyesha neno "milimita" kwa kidole mpaka wote wakaliona.

Kwanza mashine ilikwenda hewani, bila ubao. Halafu ikachonga kipande cha boksi jepesi lililokuja na redio. Ndipo wakaweka ubao, mama akakaza kidole juu ya kitufe chekundu, na mjomba akasimama mbali, mikono nyuma. Mtaalamu alihesabu kila herufi mpaka ya mwisho. Mjomba akapima kwa rula. Milimita mbili.

Mama alizima mashine, akamvuta binti yake karibu.

"Leo nimeogopa mara mbili," alisema. "Asubuhi niliiogopa mashine. Mchana nikakuogopa wewe, maana mashine hufanya ilichoambiwa, lakini mtu anayesema 'nimesoma' na hajasoma, sijui atanifikisha wapi. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ungeniambia 'sijui', ningesubiri hata mwezi. Na ukikosea, sema mapema, kabla mkono wa mtu haujafika chini ya kisu. Umeelewa?"

Mtaalamu alitaka kujibu "ndiyo" haraka haraka, kama alivyozoea. Akajizuia.

"Hayo nimeyaelewa, mama. Lakini kwenye programu mpya kuna neno moja bado silijui."

Mama akavuta kiti. "Nionyeshe."