Uzio wa Raymundi

Kila siku alasiri, Recheli hutia mkasi na futi ya kupimia kwenye mkoba wake. Humuaga mama yake, kisha hupita kichochoroni kwenda dukani kwa Nurjahan. Nurjahan anauza vitambaa kwenye barabara kubwa ya Ng'ambo, hapa Tabora. Wateja wakipungua, huwafundisha wasichana kushona. Recheli ndiye mwepesi kuliko wote. Bado kidogo tu aanze kushona nguo za wateja.

Kichochoro chenyewe ni chembamba, cha siku nyingi. Upande mmoja kuna ukuta wa ghala la Fakhrudin. Upande wa pili kuna nyumba ya Raymundi, baba yake Recheli.

Raymundi ni fundi seremala, mtu mwema, ila ana kichwa kigumu. Akishasema hapana, basi imetoka. Zamani kando ya nyumba yake, hapo kichochoroni, palikuwa na gogo. Vijana walikaa hapo jioni wakicheza drafti na kubishana kuhusu mpira.

"Wazururaji hawa," Raymundi alisema. "Leo wanacheza drafti, kesho watatuibia."

Akalipasua gogo likawa kuni. Vijana wakahamia kwingine. Halafu akaiacha minyaa ya uzio wake irefuke. Wengi wetu huku tunazungushia nyumba minyaa, na tunaamini ikiwa mirefu mwizi hapiti. Ya Raymundi ilirefuka hadi ikaziba dirisha la jikoni. Akaridhika kabisa.

Jioni moja Recheli aliingia ndani mbio, analia.

"Mkoba wangu! Mtu ameniziba mdomo, akaninyang'anya mkoba!"

Mama yake, Eustadia, alimkumbatia. "Jamani! Nami nilikuwa hapa hapa jikoni, sikuona kitu!"

Raymundi alitoka na rungu. Kichochoro kilikuwa kitupu. Alirudi na hasira.

"Kuanzia kesho huendi tena kushona."

"Baba, nimebakiza kidogo!"

"Nimeshasema. Na minyaa naiongeza."

Recheli hakula siku hiyo. Eustadia naye hakubishana na mumewe, anamjua. Asubuhi alikwenda ofisi ya kata, akarudi na Bertila, afisa maendeleo ya jamii.

"Mwangaluka, baba Recheli," Bertila alisalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Kama umekuja kunibembeleza, usijisumbue."

"Nimekuja kuiangalia njia. Mmeshatoa taarifa polisi?"

"Bado."

"Nendeni leo. Polisi wasipoambiwa hawawezi kujua. Sasa twende kichochoroni, sote."

Walipofika, Bertila alimwomba Eustadia arudi jikoni achungulie dirishani.

"Unatuona?" aliuliza kwa sauti.

"Siwaoni!" Eustadia alijibu kutoka ndani. "Naona minyaa tu!"

Bertila akamgeukia Recheli. "Mwanangu, yule mtu alitokea wapi?"

Recheli aliinamisha kichwa.

"Sema, usiogope," Raymundi alimwambia.

"Alitokea kwenye minyaa yetu, baba. Alikuwa amejibanza humo."

Uzio aliouotesha ili amlinde mwanawe ndio uliomficha aliyemvamia. Jambo hilo lilimuuma sana, na mzazi gani lisingemuuma?

Bertila hakumcheka. "Wengi tunakosea hapo," alisema. "Tunafikiri kujificha ndiko usalama. Lakini mwizi anaogopa kuonekana. Anatafuta kona, giza, na mahali ambapo watu hawakai."

"Kwa hiyo nikate?"

"Kata iishie kifuani, ili aliye ndani amwone anayepita. Dirisha lisizibwe. Taa iwepo. Na wale vijana wa drafti warudi."

"Wale wahuni?"

"Waliwahi kukuibia?"

Raymundi alikohoa. "Hapana."

"Walikuwa wakinitania nikipita," Recheli alisema. "Mimi sikupenda. Lakini siku zile walipokuwepo, hakuna aliyenyang'anywa kitu hapa."

"Basi na hilo la utani waambiwe wazi," Bertila alisema.

Jumapili, baada ya ibada, majirani walikutana pale kichochoroni. Alikuja Fakhrudin. Wale vijana nao wakaja. Mkubwa wao, Silasi, alisimama pembeni, amenuna.

Raymundi alijikaza. "Niliwaita wezi bila ushahidi. Nisameheni."

"Yameisha, mzee," Silasi alisema, uso ukimlegea.

Wakakubaliana. Vijana watacheza drafti, lakini hakuna bangi, wala kuwasumbua wasichana.

"Na tukimkamata mwizi?" Silasi aliuliza.

"Mwiteni mwenyekiti wa mtaa na polisi," Bertila alijibu. "Msimpige. Mkimuua mtu, ninyi ndio mtakaoshtakiwa."

Kazi ikaanza. Waliikata minyaa kwa uangalifu, maana utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Fakhrudin alifunga taa kwenye ukuta wa ghala. Raymundi alichonga benchi kwa mikono yake. Haikupita muda, mama mmoja jirani akaanza kukaanga mihogo hapo jioni. Watu wakaongezeka.

Mwizi hakupatikana, na mkoba haukurudi. Lakini Nurjahan alimpa Recheli mkasi mwingine, na Raymundi akamruhusu binti yake aendelee. Tangu hapo hakuna tena aliyenyang'anywa kitu pale.

Jioni moja Raymundi alirudi kutoka kazini, asimkute Recheli nyumbani. Hakusubiri. Akatoka. Silasi aliinua macho kutoka kwenye drafti.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta Recheli? Hajapita bado. Mwenzake kapita sasa hivi, kasema wanamalizia gauni la bibi harusi. Kaa hapa, atakukuta."

Raymundi alikaa. Mama wa mihogo alimpa kipande. Alipoanza kukitafuna, Recheli alitokea mwisho wa kichochoro, peke yake, anatembea polepole huku akiimba.

"Shikamoo, baba! Umekuja kunichukua?"

"Marahaba. Hapana," Raymundi alijibu, akiivuta drafti upande wake. "Mimi nimekuja kucheza."

Recheli alicheka, akampita, akaenda zake nyumbani. Alijua baba yake hajawahi kucheza drafti maishani.