Usiku Ngome ya Asamori Ilipopumua

"Umeisoma?" Shangazi Kimie aliuliza, macho yake yakiwa kwenye simu iliyolala juu ya meza ya duka.

"Nini?"

"Usinifanye mtoto, Shizuka. Imelia mara tatu, na jina nimeliona kwa macho yangu haya mawili."

Shizuka aliifudikiza simu, akaendelea kupanga mishumaa kwenye boksi. Siku ya arobaini na moja sasa alikuwa hajamjibu Naoto. Mchana alijikaza, usiku alizisoma meseji zake zote tangu ya kwanza.

"Isome, au nitaisoma mimi kwa sauti mpaka kaka yangu asikie huko karakana."

Akaisoma.

"Leo ndiyo usiku wa kwanza wa taa. Saa moja na nusu zitawashwa, kisha nitawasubiri lango la mashariki la ngome. Njoo na mzee. Nataka kukuposa kwake leo hii. Usipokuja nitajua nimejibiwa, sitakusumbua tena."

Shangazi aliichukua simu, akaisoma naye, akavuta pumzi.

"Huyu kijana ana moyo. Au hana akili."

"Vyote viwili," Shizuka alisema.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Ukoo wao wa Okitsu ulitengeneza mishumaa ya nta inayokamuliwa kwenye matunda ya mti tangu enzi za mababu, na kila mwezi wa nane mishumaa ya baba yake Shizuka, mzee Genzo, elfu tatu, ndiyo iliyowashwa juu ya kuta za ngome ya Asamori. Mwaka juzi cheche moja iliunguza ukingo wa paa la lango. Mwaka huu Manispaa ikapiga marufuku moto ndani ya kuta: ziwekwe taa za umeme. Shizuka alilijua jina la fundi wa taa hizo kwenye bango la kituo cha treni. Naoto Hirabe. Naoto wake mwenyewe, aliyekuja dukani kila Jumamosi majira yote ya baridi, akanunua mishumaa mpaka wakamzoea, na Shizuka akampenda.

Walikutana mara moja tu baada ya bango lile.

"Ulikuja kutupeleleza," Shizuka alimwambia.

"Nilikuja kujifunza. Nilisaini kwamba sitasema lolote mpaka Manispaa itangaze."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

"Basi kaioe Manispaa."

Akampa kisogo, na tangu siku hiyo hawakuonana.

Mzee Genzo alitokea karakana akijifuta nta mikononi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu bango lile hata hayo machache alikuwa ameyapunguza.

"Nani analia?"

"Hakuna anayelia, Baba."

"Hirabe anataka kumposa binti yako," shangazi akasema bila kupepesa macho. "Leo. Ngomeni. Asipokwenda, ndiyo basi."

Mzee alimtazama binti yake. "Unamtaka?"

Shizuka alikuwa na miaka thelathini na moja, na mama yake alipofariki alijiapia jambo moja: hataolewa mpaka baba yake aseme ndiyo kwa mdomo wake.

"Namtaka," alisema. "Na nimemkasirikia. Lakini bila ndiyo yako siendi popote, Baba. Unajua hivyo."

"Hutaipata kwangu," mzee akasema. Kisha akainama kutafuta kandambili zake za mti. "Ila twendeni. Nataka kukiona kilichonitoa kazini."

Mji mzima ulikuwa umeshuka kandokando ya handaki la maji linaloizunguka ngome. Watoto walibugia barafu ya sharubati, kina mama walijipepea, mahindi ya kuchoma na mchuzi wa soya yalinukia mpaka ng'ambo ya daraja. Nyenje walikuwa wakipiga kelele kwenye misonobari kana kwamba wamelipwa. Mzee Genzo alisimama ukingoni, mikono mgongoni, uso kama wa mtu aliyekuja kutambua mwizi wake.

"Kaka, jipepee kidogo," shangazi alimwambia, akimpa kipepeo chake cha mkononi.

"Sina joto."

"Una hasira. Nayo ni joto."

Saa moja na nusu taa za njiani zilizimwa. Zikazimwa za daraja, zikazimwa za vibanda. Giza likaingia, na mnara wa orofa tano uliokuwa mbele yao tangu wazaliwe ukawa haupo.

"Wameharibu tayari," mzee akanung'unika.

Kisha mwanga ukaanza chini kabisa, kwenye mawe.

Haukuwaka kama taa inavyowaka. Ulizaliwa. Jiwe moja lilipata rangi ya asali, likampa jirani yake, naye akampa wa juu yake, mpaka ukuta wote wa mawe ukawa mwekundu wa dhahabu, na maji ya handaki nayo yakaupokea kichwa chini. Mwanga ukapanda. Ukafika kwenye chokaa nyeupe ya orofa ya kwanza, ukaipaka, ukajikunja chini ya mapaa yaliyopinda, ukapanda tena. Ulipofika kwenye sanamu za samaki wawili wa shaba kule kileleni, maelfu ya watu waliokuwa pale hawakupiga makofi. Hata barafu hazikuliwa tena.

Maana ngome ilikuwa inapumua.

Shizuka alidhani ni machozi yanamcheza. Akayafuta, akatazama upya. Mwanga ulirefuka, ukatulia, ukatetemeka kidogo, ukanyooka, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Alizaliwa mbele ya mwendo ule. Alisomea vitabu vya shule mbele yake, akalia mbele yake usiku wa msiba wa mama yake. Hakuna moto mwingine duniani unaocheza hivyo pasipo upepo, ila moto wa mshumaa wenye utambi wa nyasi, uliosokotwa kwa mkono.

"Baba," alinong'ona.

Mikono ya mzee ilikuwa imetoka mgongoni.

"Wa chini ni mshumaa mkubwa," alisema hatimaye, kama anayeota. "Ule tunaoupeleka hekaluni. Wa katikati ni wa ukubwa wa wastani. Wa juu ni ule mwembamba, na umeshafika nusu."

"Kaka, zile ni taa za umeme," shangazi akasema kwa upole.

"Najua ni umeme. Nakwambia moto ni wangu."

Mwanga wa kileleni ukazidi kurefuka, ukawa mkali, ukaanza kurukaruka. Mkono wa kulia wa mzee ulinyanyuka wenyewe hewani, vidole viwili vikijifungua na kujifunga kama mkasi.

"Utambi umezidi," alisema. "Ukateni. Utambi umezidi, ukateni."

Na palepale, kama mtu asiyeonekana aliyeketi juu ya paa amesikia, mwanga ulikatwa. Ukashuka, ukawa mdogo, safi, mtulivu, ukaanza kukua upya taratibu.

Mzee Genzo alilia bila kujificha, mdomo wazi. Miaka hamsini alikuwa akiukata utambi ule, na hakuwahi kufikiria kwamba kuna aliyekuwa akimtazama. Shizuka alimshika mkono. Mbele ya ukuta ule alijiona mdogo kama punje, na hakutaka kuwa mkubwa zaidi ya hapo.

Walipolikaribia lango la mashariki, shangazi ndiye aliyemwona kwanza. Akaficha mdomo kwa kipepeo.

"Jamani, mtoto wa watu. Kajivisha nini?"

Naoto, ambaye maisha yake yote ni ovaroli na nyaya, leo alikuwa amevaa yukata, vazi la pamba la kiangazi, mpya, yenye mikunjo ya dukani. Lakini alikuwa ameifunga kinyume. Kila aliye hai hulaza upande wa kushoto juu ya wa kulia. Wa kulia ukikaa juu, huyo ni maiti aliyevishwa tayari kwa jeneza. Watu walikuwa wakimpita, wanaona, wanashtuka, wanatazama pembeni. Kwa adabu zao hakuna aliyemwambia.

Naoto alipowaona aliinama mpaka kiunoni.

"Mzee Okitsu. Shizuka. Ahsanteni kwa kuja."

"Mishumaa yote ile uliyonunua," mzee alisema, "uliifanyia nini?"

"Niliiwasha, mmoja mmoja, nikairekodi kwa kamera mpaka unaisha. Nilipoambiwa moto hautaruhusiwa tena ngomeni, nikasema basi angalau mwendo wake ubaki, taa ziufuate. Kazi ingepewa mtu mwingine angeweka taa za rangirangi."

"Na wa kukata utambi?"

"Ni wewe. Siku ile uliponifundisha dukani. Nilihesabu sekunde."

"Hukuniomba."

"Sikukuomba. Nilijificha nyuma ya saini, kumbe niliogopa utanikatalia. Hilo nilikosea, sina la kujitetea."

Akamgeukia Shizuka.

"Nawe nilikukosea zaidi."

"Siku arobaini na moja, Naoto," Shizuka alisema. "Nilikuchukia zote. Na zote nilikukumbuka mpaka nikaumwa. Ungeniambia tu, ningekaa nawe hapo kwenye kamera, nikuwashie mwenyewe."

"Kuanzia leo sikufichi kitu."

"Utanificha. Ila nitajua."

Naoto akapiga magoti kwenye changarawe.

"Mzee Okitsu, naomba unioze Shizuka."

Mzee alimtazama usoni, kisha macho yake yakashuka kifuani, yakabaki hapo.

"Hapana," mzee akasema.

Naoto alifumba macho.

"Simuozi binti yangu kwa maiti. Inuka."

"Maiti?" Naoto alijitazama, akajipapasa. "Nilijivika peke yangu. Nilitazama kwenye kamera ya simu, kumbe inageuza kushoto na kulia."

"Inuka, nimesema. Kimie, mkinge na hicho kipepeo."

Na pale pale langoni, mbele ya umati, mwanga wa ngome ukiwapanda na kuwashuka, mzee Genzo alimfungua kijana mshipi. Akaulaza upande wa kulia ndani, akauleta wa kushoto juu, akaunyoosha ukosi kwa vidole vyenye nta. Kisha akaukaza mshipi mpaka Naoto akatoa mguno.

"Sasa uko hai," alisema, akarudi nyuma hatua moja. "Niombe tena."

Naoto akaomba tena, pumzi zikimbana.

"Ndiyo," akasema mzee Genzo.