Upande wa Kulia wa Utepe

Noreen Tybo alikutwa amekufa asubuhi, kando ya utepe wa kupimia, kichwa kimepasuliwa kwa nyuma. Nyundo ya kupigilia vigingi ilikuwa pale pale, imefutwa alama za vidole. Fomu yake ya siku ile haikuonekana.

Alikuwa mtaalamu wa mimea. Huku Nevada kampuni haichimbi dhahabu mpaka mimea ya asili ihesabiwe. Utepe wa mita hamsini hutandazwa kati ya vichaka vya pakanga, na kila nusu mita kijiti cha chuma hushushwa. Kilichoguswa kinaandikwa kwenye fomu, kila kituo mstari wake. Tumehesabu mabonde mengi kwa namna hiyo, kisha tukayachimba yote.

Inspekta Darlene Echegaray alichunguza vumbi. Alama za magurudumu zilionyesha gari la muuaji liliegeshwa kulia kwa utepe, hatua kumi tu kutoka kwenye maiti. Nyayo zake alizifagia kwa tawi, lakini njia ya ufagio ilionekana. Ilishika upande wa kushoto hadi mwisho wa utepe, ikazunguka kigingi, ndipo ikarudi garini.

Mtu ameua, anakimbia, halafu anazunguka?

Alianza na Mzee Arrizabal, mfugaji aliyewahi kumtishia Noreen mbele ya watu.

"Ulisema utamvunja miguu."

"Nilisema, binti. Aliacha geti wazi, ndama wangu wakatoka. Marehemu baba yako angesema hivyo hivyo."

"Ungetoka vipi pale mpaka kwenye gari?"

"Kwa miguu, kwani nina mabawa? Ningekata moja kwa moja. Utepe ni kitu gani?"

Mchana alimchukua hadi kwenye utepe Wade Lattimer, mwenzake Noreen kazini, mpimaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Nionyeshe mnavyofanya kazi, Bwana Lattimer."

Wade alishika kijiti, akatembea kushoto kwa utepe. Inspekta akanyanyua mguu avuke.

"Usikanyage huko!" Wade alifoka. "Kulia ndiko kunakopimwa. Ukilaza majani umeharibu hesabu."

"Hesabu gani? Aliyekuwa akihesabu yuko chumba cha maiti."

Wade alishusha kijiti kwenye nusu mita iliyofuata.

"Aliyemuua naye hakukanyaga huko. Gari lake lilikuwa hatua kumi, yeye akazunguka utepe mzima. Ninyi mlikuwa wapimaji wawili tu bondeni."

Kijiti kilimponyoka.

"Fomu iko wapi, Wade?"

Aliitoa kifuani, imekunjwa mara nne. "Nimewasha kiberiti mara tatu. Sikuweza. Ni hesabu sahihi."

Mstari wa sitini ulitaja ua dogo la manjano lisiloota popote ila kwenye bonde lile.

"Kwa ua hili?"

"Kwa mwanangu! Mji unakufa, Inspekta. Shule imefungwa. Mwanangu alihamia mjini Reno na wajukuu wangu, miaka minne sijawaona. Mgodi ulimwahidi kazi, akaanza kufunga mizigo arudi. Ndipo Noreen akaliona hilo ua, akasema, 'Mgodi umekwisha, Wade,' huku anacheka. Nilimwomba aruke mstari mmoja. Mmoja tu! Akasema, 'Wewe ndiye uliyenifundisha kutoruka.' Akainama kuandika."

Alificha uso. Inspekta alimhurumia, na huruma ile ikamchukiza.

Kituoni aliipigia simu ofisi ya ardhi, ajue fomu ile ingezuia nini hasa. Karani alimjibu huku anatafuna kitu.

"Hilo ua? Tunalijua tangu mwaka jana. Litang'olewa, lipandwe kwingine. Kibali cha mgodi kimeshasainiwa, mama."

Alirudi mahabusu akamweleza Wade, neno kwa neno. Aliona ana haki ya kujua.

Wade alisogea kwenye nondo.

"Kwa hiyo angeandika tu?"

"Angeandika tu."