Mimba Haisubiri Treni

Kwetu Kimara, huku Dar, maji hupanda kilima yakiwa kichwani mwa wanawake. Mabomba yapo. Yalichimbiwa, yakafukiwa, kiongozi akaja na mkasi akakata utepe, tukapiga makofi. Maji yenyewe hayakualikwa.

Habari hii ni ya mwaka 1994. Mie naitwa Hija, lakini watu huniita Baba Somoe, kwa jina la binti yangu. Nina nyumba ya vyumba vinne huku bondeni. Kimoja nalala mie, kimoja Somoe, viwili napangisha. Mke wangu Mwajabu alifariki mwaka 1986. Nitamtaja mbele kidogo, si sasa.

Chumba cha uani walikaa Erasmus na mkewe Tusajigwe, watu wa Rungwe, huko Mbeya. Erasmus alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kiwanda kikafungwa. Wakubwa wakasema hiyo ndiyo biashara huria. Basi Erasmus akawa huru, akaenda Manzese kuuza mitumba. Mkewe alimfuata masika ya mwaka 1993. Alikuwa binti wa miaka ishirini, mcheshi, hodari wa ndoo.

Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa nane, ndoo zikaanza kumshinda. Asubuhi moja alikuwa amekaa na Somoe jikoni uani, wanachoma vitumbua. Somoe akamtazama miguu.

"Shoga, hiyo ni miguu au mihogo ya Chanika?"

Tusajigwe akacheka. "Ndiyo mimba hiyo. Nawe zamu yako utaiona."

"Mimba gani inayokuvisha kandambili za mumeo?"

"Zangu hazinitoshi tena. Si nitafanyaje?"

"Na uso je? Umeamka umevimba kama umelia usiku kucha. Kliniki umeanza?"

"Nitaanzia kwetu. Ijumaa napanda treni."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwao, mimba ya kwanza mtu huenda kuzalia kwa mama yake. Hata sie Wazaramo tunayo hiyo, na si mila mbaya. Mama ndiye anayejua mtoto wake anasukwaje, anakandwaje, anapewa uji gani. Lakini Tusajigwe aliona kwamba ikiwa atazalia Rungwe, basi na kliniki ni ya Rungwe. Akakaa mjini miezi yote ile bila kupimwa. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Wenye kazi ya kuwaambia watu walikuwa semina.

Siku ileile, jua limeshachoma, tukasikia hodi. Aliingia mwanamke wa makamo na mkoba begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Naitwa Jovina. Tunafanya utafiti wa afya. Tunataka kujua nani anapata matibabu na nani hapati, na kwa nini hapati."

"Si uende ukawaulize wakubwa?" nikamwambia. "Sie kazi yetu kuumwa tu. Sababu wanazo wao."

Akacheka, akakaa kwenye kigoda bila kukifuta vumbi. "Nao nitawauliza, mzee. Ila naanza na wanaoumwa."

Nikamjibu yangu yote, na mengine ambayo hakuuliza. Kisha akamgeukia Erasmus. Siku hiyo Erasmus hakwenda Manzese. Alikuwa uani anapiga mashati ya mitumba pasi ya mkaa.

"Chumba chako mnaishi wangapi, ndugu yangu?"

"Mmoja. Mie peke yangu."

Jovina akatazama jikoni. "Na yule dada mjamzito?"

"Yule mgeni. Ijumaa anarudi kwao."

Jovina akafunga kalamu. "Basi yeye simhoji. Tumeelekezwa tuwahoji wakazi tu. Wageni tunawaacha."

Nikaona damu inanipanda. Kuna mtu amekaa chini ya feni, amepanga kwamba mgeni haumwi!

"Mgeni gani, Erasmus?" nikasema. "Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anateka maji hapa tangu masika ya mwaka jana. Huo ugeni utaisha lini?"

"Baba Somoe, usiniponze!"

"Nikuponze kwa nani?"

Erasmus akaweka pasi pembeni. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwaka themanini na tatu watu wa serikali walipita hivihivi. Unaishi na nani, unafanya kazi gani. Tukajibu kwa adabu. Kesho yake lori. Wakatukamata kama wazururaji, wakatupeleka shamba kulima kwa nguvu. Mie sasa sina kazi ya mshahara. Nikisema nina mke hapa, naye hana kazi, si watatusomba wote wawili?"

Lile lori hata mie nililiona. Serikali ikishakusomba mara moja, ukiulizwa jina unasikia lori.

Jovina naye hakumcheka. "Una haki ya kuogopa," akamwambia. "Lakini mie sisombi mtu. Sipeleki jina lako kwa mjumbe wala polisi. Sasa nisikilize. Ukisema mkeo hayupo, na jirani akasema wake hayupo, mie nitarudi niseme bonde hili halina wajawazito. Kesho wakigawa huduma, bonde hili wataliruka. Unamficha mkeo kwa polisi, na papo hapo unamficha kwa daktari."

Erasmus akakuna kichwa. "Haya. Tuko wawili."

"Vizuri. Mtu akiumwa humu, nani anaamua aende hospitali?"

"Mie."

"Akiumwa yeye?"

"Ananiambia, naamua."

"Amekuambia lolote wiki hii?"

"Haumwi huyo. Mzima kabisa."

"Naomba nikamuulize mwenyewe. Sie wawili, kule jikoni."

"Mke wangu hana siri na mie."

"Si siri, ndugu yangu. Mke akiulizwa mbele ya mumewe, hujibu ya mumewe. Hata mie kwangu ndivyo."

Erasmus akanitazama. Nikamwambia, "Mwache. Jiko langu halina mlango wa kutorokea."

Waliyosema kule nilisimuliwa na Somoe, maana alikuwa kwenye vitumbua vyake, hakuondoka.

"Unajisikiaje, mdogo wangu?" Jovina alimuuliza.

"Salama."

"Salama ya kweli au ya mgeni?"

Tusajigwe akainama. "Kichwa kinaniuma, dada. Tangu juzi hakiachi. Na mchana kweupe naona vimulimuli mbele ya macho."

Somoe akadondosha upawa. "Na hukuniambia!"

"Kwetu mwenye mimba ya kwanza akilalamika wanamwita mvivu. Halafu Erasmus akijua atazuia safari. Namtaka mama yangu."

Jovina alikuwa muuguzi kabla ya kuwa muulizaji. Aliiacha hospitali kwa sababu mshahara ule haukumfikisha hata tarehe kumi. Ndivyo wanavyowapoteza watu wa maana. Akamwambia Tusajigwe anyooshe mguu. Akambonyeza kwa kidole gumba kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti. Alipoondoa kidole, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Akatazama vidole vya mikono. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama.

Akatoka nje na kutuita wote.

"Hii si ya kungoja Ijumaa," akasema. "Mjamzito kuvimba miguu kidogo jioni si ajabu. Lakini akivimba uso na mikono, kichwa kikauma kisiache, macho yakaona vimulimuli, au akaumwa tumbo juu chini ya mbavu, hiyo ni hatari. Damu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Asipotibiwa anaweza kuanguka kifafa, akafa yeye na mtoto."

"Kifafa?" Erasmus akasema. "Kwao hakuna kifafa."

"Hiki hakirithiwi. Kinaitwa kifafa cha mimba. Si shetani, si uchawi, si kurogwa na jirani. Leo hii apimwe."

"Dada, tiketi nimeshakata. Mama yake anamngoja. Akifika tu ataanza kliniki."

"Treni ya kwenu inalala njiani. Akianguka porini, kwenye behewa nani atamtibu? Mkata tiketi?"

Erasmus akawa kama mtu aliyebanwa ukutani. "Tukienda sasa watatufokea. Mimba mwezi wa nane, kadi hana. Wataniuliza, mlikuwa wapi? Tena siku hizi kila kitu ni kuchangia gharama."

"Wakifoka wafoke, dawa watatoa. Na wajawazito hawachangii. Wao na watoto wadogo wamesamehewa."

Hili mie nilikuwa silijui, na nina redio. Habari ya kulipa ilitangazwa kwa vipaza sauti mpaka huku bondeni. Habari ya nani asilipe waliinong'ona wao kwa wao.

"Na kadi," Jovina akaendelea, "haina kabila. Ukipewa hapa unasafiri nayo, hata Rungwe wataisoma. Kliniki unaanza pale ulipo, mara ukijua una mimba. Kama utahama, unahama na kadi yako mfukoni."

Erasmus alikuwa bado anatazama chini. Nikaona sasa zamu yangu imefika.

"Erasmus," nikasema, "Mwajabu wangu alivimba hivihivi. Aliona vimulimuli hivihivi. Zahanati tulikwenda. Wakasema sindano hakuna, nendeni hospitali kubwa. Gari lao lipo, mafuta hayakuwepo. Siku hiyohiyo gari la bwana mmoja wa wilaya lilipita hapo barabarani limebeba mbuzi wa sherehe. Mwajabu alianguka pale unapopigia pasi. Mie nilizikwa naye, tofauti ni kwamba bado nakula."

Ndipo Tusajigwe akasimama mlangoni mwa jiko, mkono ukutani.

"Mie Ijumaa siendi," akasema. "Nakwenda hospitali, leo. Erasmus, ukitaka nifuate, ukitaka baki na mashati."

Erasmus akamtazama mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Nani kasema nabaki?" akasema. Akachukua kanga mbili na shuka ndani, akasahau hata kuzima pasi. Nikaimwagia maji mie.

Gari la utafiti lilikuwa barabara kuu. Dereva wake, Shomari, akagoma.

"Sista Jovina, hili ni gari la mradi. Kubeba wagonjwa siruhusiwi."

"Mradi wa nini, Shomari?"

"Wa afya."

"Basi fungua mlango."

Akafungua.

Zahanati walimpima, yule muuguzi akatazama kipimo mara mbili. Wala hakufoka. Akampa dawa ya kushusha presha, akaandika barua, akasema wasiteremke popote mpaka hospitali kubwa. Kule walimlaza. Wakampima mkojo, wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa. Siku chache baadaye madaktari wakaona presha haishuki vya kutosha. Wakamwanzishia uchungu kabla ya siku zake, maana dawa ya ugonjwa ule hasa ni mtoto kutoka. Akazaliwa binti, mdogo kama kuku wa wiki ya pili, lakini mwenye sauti. Walimlaza penye joto mpaka akajua kunyonya.

Sisemi hospitali ni peponi. Tusajigwe alilala kitanda kimoja na mwenzake, kichwa huku miguu huku. Shuka alikuwa nayo yake. Lakini alitoka na roho yake na ya mwanawe. Mie nilichotaka mwaka 1986 kilikuwa hicho tu.

Jovina alirudi na wenzake baada ya miezi kadhaa kutusomea waliyoyakuta. Mkutano ulikuwa ofisi ya kata. Viti vya wakubwa viwili vilikaa vitupu. Alisema mitaani mwetu wanawake wengi waliohamia kutoka mikoani hawakuhesabiwa mwanzoni, kwa kuwa waume au wenye nyumba waliwaita wageni. Na hao hasa ndio walioanza kliniki mwisho, au hawakuanza kabisa. Wakabadilisha utaratibu wao. Sasa kila mwanamke aliyelala nyumbani siku hiyo huulizwa, awe mwenyeji au mgeni, tena huulizwa peke yake.

Kituo cha afya hawajatujengea. Ila kila Jumatano muuguzi huja ofisi ya kata na mizani na mashine ya presha, anapima wajawazito. Nami nina sharti langu kwa wapangaji. Mwanamke mwenye mimba akihamia kwangu, kabla sijamwonyesha choo namwuliza, kadi yako iko wapi? Kama hana, Jumatano Somoe anampeleka. Wengine hununa. Nuna tu, mama, lakini upimwe.

Na safari ya treni? Ilikuwepo, ila ilipinduliwa. Badala ya mimba kwenda Rungwe, bibi akaja Dar. Alishuka na mkungu wa ndizi na chupa ya asali, bibi mwembamba, mkali. Aliingia uani, akapokea salamu zetu zote, kisha akasimama mbele ya mwanawe aliyekuwa anamnyonyesha mtoto mkekani.

"Hebu niambie," akasema. "Mimi sijafika. Mumeo hajanena. Nani alikuruhusu kwenda kulazwa hospitali?"

Tusajigwe hakuondoa macho kwa mtoto.

"Mama, kichwa kilichouma kilikuwa changu."

Bibi akatua chupa ya asali. Akalegeza mtandio, akakaa mkekani, akanyoosha mikono.

"Haya, nipe mjukuu wangu. Wewe kalale."